Miezi 3 inatosha kwa kilomita 109?
Mkuu, umeuliza kama miezi 3 inatosha kujiandaa na Cape Town Cycle Tour, zile mbio za baiskeli za kilomita 109 kule Afrika Kusini, wakati hujawahi kupita kilomita 30. Inatosha, ukianza wiki hii. Endesha mara 3 kwa wiki, mbili fupi na moja ndefu. Hiyo ndefu iongeze kilomita 5 hadi 10 kila wiki mpaka ufike 90.

Kinachotesa kule ni upepo, na mlima wa Suikerbossie unaokuja ukiwa umeshachoka. Kwa hiyo tafuta mlima uupande mwishoni mwa mazoezi, siyo mwanzoni.

Na kula kabla njaa haijauma! Mimi hubeba tende kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Siku niliyozisahau, kilomita ya 70 mikono ilitetemeka kwenye usukani.