Jibu kwa ndugu wa Nakuru: kupeleka wasanii Ujerumani watengeneze kazi hukohuko

Ndugu yetu wa Nakuru ameuliza hivi: kikundi chao kimepewa ukumbi katika mji mmoja wa Ujerumani, wasanii watano waende mikono mitupu, watengeneze kazi hukohuko, kisha maonyesho yafunguliwe. Je, si nafuu kuliko kusafirisha kazi zilizokwisha? Nimeongoza safari ya namna hiyo kutoka Kisumu. Kwa upande wa mizigo ni nafuu kweli. Kwa upande wa maandalizi, hapana. Mtahangaika zaidi kabla ya kupanda ndege, na hangaiko kubwa litakuwa vifaa.

Mizigo niimalize haraka. Jiwe la sabuni la Tabaka, lile la wachongaji wa Kisii, lenye ujazo wa mita moja lina uzito unaozidi tani mbili na nusu. Kazi nyepesi nazo hazisalimiki, kwa sababu mizigo ya ndege hutozwa kwa ukubwa pia: mita moja ya ujazo huhesabiwa kilo 167 hata kama ndani kuna pamba tupu. Kreti ya mbao sharti iwe imepashwa joto mpaka moyo wa ubao ufike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au itibiwe kwa njia nyingine inayokubalika, kisha ipigwe muhuri. Kwa hiyo anayewaambia mje na mikono yenu tu amewapunguzia gharama kubwa.

Lakini mikono hiyo itashika nini? Hapo ndipo ningeomba mkae kitako. Wajukuu, kikundi cha Mukuru pale Nairobi, walipoalikwa kwenye documenta ya mwaka 2022, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya mjini Kassel, Ujerumani, waliuvika mabati mlango wa ukumbi wa documenta Halle, mgeni akawa anaingia kwa kupita ndani ya njia ya mabati. Walichagua kitu wanachokijua tangu utotoni na ambacho kinapatikana hata Ulaya. Kila msanii wenu aulizwe mapema: kifaa chako unakijua vizuri, na kule kinapatikana? Kwenye orodha atakayomtumia mwenyeji asiandike jina la kifaa peke yake, aeleze kinamfanyia nini: kipinde bila kuvunjika, kinyonye rangi, kitoe sauti kikiguswa. Mwenyeji akikosa chenyewe atajua atafute nini badala yake. Ongezeni picha, vipimo na idadi.

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tumezoea kwamba gugu maji ni la bure, unavuna Dunga, unakausha, unasuka. Umoja wa Ulaya uliliweka gugu hilo kwenye orodha ya mimea vamizi mwaka 2016, kwa hiyo mmea hai haupiti kabisa. Mwenzetu mmoja alibeba kamba zilizokaushwa na kusokotwa, na cheti cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, mkononi, akapita forodha salama. Kilichomkuta kilikuwa ukumbini. Kule vitu vinavyotundikwa kwenye ukumbi wa watu wengi hudaiwa viwe haviwaki kwa urahisi, daraja wanaloliita B1. Mkaguzi wa zimamoto alikuja, akakata kipande cha kamba urefu wa kidole, akatoka nacho nje, akakiwashia kiberiti. Kiliteketea kabla hajakitupa chini. Ikabidi kamba zote zishushwe, zinyunyiziwe dawa ya kuzuia moto, zikauke, zitundikwe upya zikiwa ngumu na zimekuwa na weusi kidogo. Mkaguzi alikuwa sahihi, na mwenyeji angetuambia tukiwa bado Kisumu, kazi ile ingesukwa tofauti. Kwa hiyo swali la moto liulizeni kwenye barua ya kwanza, hasa kama kuna anayetumia vitambaa vya mitumba, karatasi au mafunjo. Ulizeni pia kama kuchomelea chuma kunaruhusiwa ndani, na nani anatoa kibali.

Maduka ya kule hufungwa Jumapili. Kwetu Kisumu Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, na fundi wa jua kali utampata. Mkitua Jumamosi jioni mmepoteza siku nzima mkitazama kuta. Anayetumia vyuma chakavu naye ajue kwamba kwenye vituo vyao vya taka huruhusiwi kujiokotea; mwenyeji atafute mapema mwenye gereji au kiwanda atakayekubali.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo haibishani na ratiba ya mtu. Tulikuwa na mama mfinyanzi wa upande wa Nyakach, na ilikuwa Oktoba. Nyumbani chungu chake hukauka kwa upepo na jua. Kule, kila asubuhi alikuwa akikiinua chungu na kukigusisha shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji. Mwenyeji alikuwa na haraka ya kuwasha tanuri la umeme, maana kadi za mwaliko zilishachapishwa. Mama alikataa katakata. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakifika nyuzi 100 huwa mvuke na kukipasua chungu, na kikipasuka huangusha vya jirani. Tulimuunga mkono, vyungu vikaletwa karibu na mtambo wa joto, vikageuzwageuzwa, na siku ya ufunguzi vilionyeshwa viwili vilivyochomwa na vingine vikiwa vibichi. Wageni walisimama kwenye vile vibichi muda mrefu kuliko penginepo. Msikubali mtu ambaye hajawahi kushika udongo amwamuru mfinyanzi. Gundi nyeupe na rangi za akriliki nazo hazishiki vizuri kwenye baridi kali, kwa hiyo ukumbi uwe na joto usiku pia.

Makaratasi. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, huombwa si mapema kuliko miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Bima ifikie euro 30,000, na kila mtu aende Nairobi kutoa alama za vidole. Wasanii wetu wengi hawana taarifa ya benki ya kumridhisha afisa, kwa hiyo mwenyeji aende ofisi ya wageni ya mji wake atie saini hati ya dhamana kwamba gharama ni zake. Barua ya mwaliko iseme wazi kwamba mnakwenda kutengeneza kazi, na kama mnalipwa iseme mnalipwa. Msijifiche kwenye utalii.

Na mlipwe. Nauli, malazi na chakula havihesabiki kuwa malipo ya msanii. Msanii aliyefunga karakana yake Nakuru anaendelea kudaiwa kodi na karo. Pesa ya vifaa iwe fungu lake, lisiguse la chakula.

La mwisho ni kazi zenyewe baada ya maonyesho, kwa kuwa ninyi mtakuwa mmerudi na zenyewe ziko kule. Andikeni kwa kila kazi: ni ya nani, inauzwa au la, nani anapokea pesa, inahifadhiwa kwa muda gani, na kama inabomolewa, nani anapiga picha kwanza na picha hizo ni za nani. Mchoro wa ukutani utapakwa chokaa, jambo hilo mkubaliane mapema. Mwenyeji mwema hatakasirishwa na maswali haya. Mkishapata majibu yake kwa maandishi, kateni tiketi.