Straika ana mabao manne katika mechi nne: nimnunue?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Gungu, Kigoma. Tunacheza FPL kijiweni, ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, tuko kumi na wawili, kila mmoja kaweka elfu kumi. Raundi nne zimeisha. Kuna straika wa timu iliyopanda daraja ana mabao manne, bei yake mchezoni imetoka milioni 5.5 imefika 5.8, na mimi sina. Kiungo wangu wa milioni 8.5 hajafunga hata moja. Nililipa elfu tano kwa jamaa anayetuma vikosi WhatsApp. Anasema nibadilishe wachezaji watatu kwa mpigo, kiungo wangu atoke, straika huyo aingie, nikatwe pointi 8, la sivyo msimu wangu umekwisha. Majina siyataji kwa sababu wenzangu nao wanasoma hapa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kiungo wako mwache wiki hii, na hizo pointi 8 usizilipe. Straika ukiona anafaa baada ya kumkagua, mchukue kwa usajili wako mmoja wa bure, yaani ule usiokatwa pointi, basi. Ukiwa na haraka unaweza kuishia hapo.

Nitakaa zaidi kwenye maneno "ana mabao manne", maana kila Agosti na Septemba naletewa hayo hayo, shuleni, sokoni, hata msibani. Watu wanadhani bao ni kipimo. Bao ni matokeo. Kipimo ni kile kinachozaa bao, na kwa mechi nne hivi viwili vinaweza kupishana vibaya sana.

Kazi yangu ni takwimu, kwa hiyo nivumilie kwa hesabu moja. Chukua straika wa kawaida ambaye nafasi anazopata kila mechi zina thamani ya bao 0.4. Huyo kwa mechi 38 anamaliza na mabao 15 hivi, mtu mzuri tu. Sasa mpe mechi nne, rudia mara mia. Mara 20 hivi atatoka bila bao hata moja. Mara 8 hivi atatoka na manne au zaidi. Ni mtu yule yule, miguu ile ile. Ligi Kuu ya England ina timu 20. Hata kama kila timu ingekuwa na straika mmoja wa kiwango hicho hicho, baada ya mechi nne mmoja au wawili wangekuwa na mabao manne, na wanne hivi wasingekuwa na kitu. Wale wawili kijiwe kizima kingewaita mashine, na wale wanne kingewaita mizigo. Na hapo hakuna aliyemzidi mwenzake chochote.

Wewe ni mtu wa Kigoma, nenda mwaloni Kibirizi asubuhi. Mtumbwi ukirudi na dagaa wengi siku tatu mfululizo, hakuna mzee pale atakayesema nahodha yule ndiye bora ziwa zima. Atauliza kwanza mwezi ulikuwaje, upepo ulitoka wapi, taa zilikuwa ngapi. Wiki ya mbalamwezi ikifika, mtumbwi huo huo na watu hao hao wanalala nchi kavu. Wazee wetu wanajua kutenganisha mvuvi na usiku aliovua. Kwenye simu tunasahau.

Haya yametokea kwa watu wenye majina. Msimu wa 2019/20 Teemu Pukki wa Norwich, timu iliyokuwa imetoka kupanda, alifunga mabao 6 katika mechi 5 za kwanza, matatu kati ya hayo kwa Newcastle siku moja. Dunia nzima ilimsajili. Alimaliza msimu na mabao 11, maana yake mechi 33 zilizobaki zilimpa 5 tu, na Norwich wakashuka wakiwa mkiani. Michail Antonio wa West Ham alianza 2021/22 na mabao 4 katika mechi 3, akamaliza na 10. Hata Erling Haaland, ambaye hakuna anayetilia shaka uwezo wake, 2024/25 alifunga 10 katika mechi 5, kisha msimu ukaisha akiwa na 22. Geuza upande wa pili umtazame Harry Kane 2015/16: mechi sita za kwanza za Tottenham hakufunga, watu wakamuuza, na msimu ukaisha akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 25.

Usinielewe kwamba kila anayeanza kwa moto ni uongo. Michu wa Swansea, 2012/13, alifunga mawili siku yake ya kwanza dhidi ya QPR, akamaliza na 18. Lakini kulikuwa na sababu unayoweza kuishika kwa mkono: mchezo ulimwandikisha kama kiungo huku uwanjani akicheza karibu na goli kama straika, na bao la kiungo ni pointi 5 wakati la straika ni 4. Aliyeona hilo wiki ya kwanza hakuhitaji kusubiri mabao kumi.

Ndiyo maana nakuomba umkague mtu wako kwa kazi aliyopewa. Fungua marudio ya mabao yake manne, chukua daftari, andika kila bao lilivyoingia. Penalti? Penalti huingia karibu mara 8 kati ya 10, hivyo bao la penalti linakwambia kwamba yeye ndiye mpigaji, na hiyo ni habari njema inayodumu, lakini halikwambii kwamba ana makali. Kipa aliutema mpira miguuni mwake? Shuti lilimgonga beki likabadili njia? Hayo hayatarudi kila Jumamosi. Kisha hesabu mashuti yake yote, yaliyoingia na yasiyoingia, na yalipigwa wapi. Mtu mwenye mabao manne kwa mashuti matano anaishi kwa mkopo. Mwenye bao moja kwa mashuti kumi na tano ndani ya boksi anadai, na mara nyingi hulipwa. Takwimu wanazoziita mabao tarajiwa hufanya hesabu hiyo hiyo: kila shuti hupewa uzito wake kulingana na mahali na namna lilivyopigwa.

Mwezi uliopita nilikuwa kibanda umiza pale Mwanga. Straika mmoja alikosa, akagonga mwamba, akakosa tena. Kijana aliyekaa benchi la mbele yangu alikuwa tayari ameshamtoa kwenye kikosi chake kabla dakika ya 80 haijafika, nikaona kidole kinabonyeza, akasema kwa sauti, "Huyu hanifai." Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika mashuti matano, manne ndani ya boksi. Tulikuwa tumetazama mechi moja na mtu mmoja. Yeye alitazama ubao wa matokeo, mimi nikatazama mashuti.

Dakika nazo. Anayeanza na kutolewa dakika ya 58 anakupa pointi 1 badala ya 2, na penalti ya dakika ya 75 itapigwa na mwingine. Mfano wangu ninaoupenda ni Cole Palmer, 2023/24. Chelsea walimchukua kutoka Manchester City mwanzoni mwa Septemba, bei yake kwenye mchezo ilikuwa milioni 5.0, wiki za mwanzo hana pointi za kutangazia. Oktoba dhidi ya Burnley alipewa penalti akafunga, bao lake la kwanza pale. Tangazo lilikuwa hilo, kwamba mpira sasa ni wake. Alimaliza na mabao 22, tisa kati yake ya penalti, na pointi 244. Kwa hiyo kiungo wako wa 8.5 muulize maswali haya haya kabla hujamfukuza: anacheza dakika 90? Anapiga kona, adhabu, penalti? Anafika kwenye boksi? Wapinzani wake wanne walikuwa akina nani? Ukijibu ndiyo kwa matatu ya mwanzo, na ratiba ilikuwa ngumu, mwache.

Suala la bei nalo linawapotosha wengi. Bei haipandi kwa sababu mchezaji ana uwezo, inapanda kwa sababu watu wengi wamemnunua. Ni kipimo cha haraka za watu. Halafu ukimuuza, mchezo unakupa nusu ya faida tu, na desimali inakatwa kwenda chini. Aliyemnunua kwa 5.5 akimuuza leo kwa 5.8 hapati 5.8, anapata 5.6. Wewe ukiingia leo kwa 5.8, apande mpaka 6.0, faida yako ni 0.1. Kwa ajili ya hiyo 0.1 unaambiwa utoe pointi 8? Ili pointi 8 zirudi tu, hao wapya watatu lazima wafunge mabao mawili ya straika zaidi ya hao uliowatoa. Hapo bado hujapata faida hata ya pointi moja.

Na usisahau kwamba timu yake imetoka kupanda daraja. Msimu wa 2023/24 zote tatu zilizopanda zilishuka, na 2024/25 zote tatu zilishuka tena. Agosti miguu ni mibichi na wapinzani hawajazisoma. Desemba ni habari nyingine.

Sasa huyo jamaa wa elfu tano. Huyu ndiye anayeniuma, kuliko straika wala kiungo. Nikueleze biashara yake inavyofanya kazi, maana ni hesabu ile ile ya mastraika ishirini. Mtu ana makundi manane ya WhatsApp. Wiki ya kwanza anatuma jina la kepteni huyu (yule ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili) kwa makundi manne, na kepteni yule kwa manne mengine. Nusu wamepatia. Waliokosa anawafutia ujumbe, au anaacha kundi life. Wiki ya pili manne yaliyobaki anayagawa mawili kwa mawili. Wiki ya tatu yamebaki mawili, anatuma jina moja huku na jingine kule. Linabaki kundi moja ambalo limeona utabiri sahihi mara tatu mfululizo, na watu wa kundi hilo wako tayari kuuza simu wamlipe. Hajui kitu, mdogo wangu. Wewe uko ndani ya kundi lililobahatika na makundi saba hukuyaona, kama usivyowaona mastraika wengine kumi na nane.

Mikeka "ya uhakika" na "mechi zilizopangwa" inauzwa kwa mtindo huo huo. Dereva mmoja wa bodaboda hapa mjini alinionyesha simu yake: elfu kumi ametuma mara sita kwa mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Elfu sitini, na ana watoto. Nilikaa naye nikamchorea makundi manane kwenye karatasi, akanyamaza muda mrefu. Mtu mwenye mechi iliyopangwa kweli hana haja ya elfu kumi yako. FPL yenyewe ni bure, na kila takwimu niliyokutajia unaweza kuipata bila kumlipa mtu.

Tena mchezo wenyewe una dawa yake. Kila timu ya FPL ina namba, na ukurasa wake uko wazi kwa yeyote: pointi za kila raundi, usajili alioufanya, nafasi yake duniani, na misimu iliyopita. Hauwezi kufutwa kama ujumbe wa WhatsApp. Mtumie leo ujumbe mmoja tu: "Kaka, naomba namba ya timu yako." Ukiona anazunguka, anasema ana timu nyingi, au anakutumia picha badala ya namba, elfu tano ya wiki ijayo nunua vocha.

Akikupa namba, niletee kabla ya dedlaini. Tutaufungua ukurasa wake pamoja, tuone naye Agosti aliwanunua akina nani.