Kampuni ya ndege ikinunuliwa, rubani anaangalia namba yake

Mkuu umesema mdogo wako anarusha ndege huku Marekani kwenye kampuni ya saizi ya kati, wametangaziwa wananunuliwa na kampuni kubwa, nyumbani mkachinja na mbuzi kwa kuwa dogo sasa ataanza kurusha madege makubwa, halafu yeye mwenyewe mkimpigia simu hana raha na hamuelewi shida nini. Mi namuelewa sana. Nimepita hapohapo. Nilianza na Caravan, kale kandege kadogo ka injini moja, kushusha watalii kwenye vile viwanja vya vumbi Serengeti, nikaja huku kumfuata mke (msinicheke), nikaanza upya kabisa, na miaka kadhaa baadaye kampuni niliyokuwepo ikamezwa. Jina siweki maana ndo hao hao bado wananilipa.

Kitu cha kwanza mjue, rubani wa huku hana cheo, ana namba. Siku unaajiriwa unaingizwa kwenye orodha ya marubani, unakaa mwisho kabisa, halafu unapanda pole pole kadri wa juu wanavyostaafu na wapya wanavyoingia chini yako. Hiyo namba ndo inaamua ndege gani unarusha, kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha msaidizi wake, beisi yako, yaani kituo unachoanzia safari, iwe mji unaoishi au mji ambao inabidi upande ndege masaa manne ndo ufike kazini, Krismasi unakula pilau na wanao au unakula sandwichi hotelini Anchorage. Kampuni ikiyumba ikaanza kusimamisha watu, wanaanzia chini kupanda juu. Na namba haihamishiki, hii ndo watu wa nyumbani hawaielewagi, kapteni mwenye miaka 20 kazini akiacha kazi akaenda kampuni nyingine anaanza mkiani kama kijana aliyeingia jana, fest ofisa (ndo huyo msaidizi wa kapteni), mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo msimwambie dogo "si uhame tu". Atahamia wapi.

Sasa kampuni mbili zikiungana kuna orodha mbili na inatakiwa ibaki moja, na hapo ndo inakuwa kama mirathi, watoto wa mke mkubwa na watoto wa mke mdogo, kila upande una hesabu yake na kila hesabu inaonekana ya haki ukiwa upande huo. Mmoja anasema tupangane kwa tarehe ya kuajiriwa, mwingine anasema hapana, tupangane kwa nafasi, kama mi kwetu nilikuwa katikati basi niwe katikati na huku.

Mfano mbaya kuliko yote ni US Airways na America West, waliungana 2005. US Airways walikuwa wakongwe, wengi, lakini kampuni ilikuwa hoi na zaidi ya marubani wao elfu moja walikuwa wamesimamishwa kazi. America West wa Phoenix walikuwa vijana, wachache, ila wote wako kazini na ukapteni wanaupata mapema. Wakashindwana, ikaenda kwa msuluhishi, George Nicolau, 2007 akatoa uamuzi: wakongwe mia tano na kitu wa US Airways wakae juu kabisa kwa sababu ya ndege kubwa za safari ndefu walizokuwa nazo, waliosimamishwa kazi waende chini, katikati watu wachanganywe kwa uwiano wa nafasi. Maana yake mtu wa US Airways mwenye zaidi ya miaka 15 tangu aajiriwe, ila yuko nyumbani kasimamishwa, akajikuta nyuma ya kijana wa America West aliyeingia juzi juzi. Ukisikia hivyo unasema uonevu, ila mwulize yule kijana, atakwambia mi nilikuwa na kazi na yule hakuwa nayo, kuungana kumempa yeye kazi kwa nini kuninyang'anye mi kiti. Mpaka leo sijui ningekuwa mimi ningepiga kura wapi, kwa kweli.

Kilichofuata ndo aibu. Wa US Airways kwa kuwa walikuwa wengi wakakifukuza chama cha marubani cha zamani, ALPA, kwa kura mwaka 2008, wakaunda chao kinaitwa USAPA kwa ahadi ya tarehe ya kuajiriwa. Wa Phoenix wakaenda mahakamani. Miaka ikapita, mkataba wa pamoja wa kazi na mshahara kwa pande zote mbili haupatikani, kampuni moja, rangi moja kwenye mkia, marubani pande mbili na mikataba miwili, na ile orodha ya Nicolau haikuwahi kutumika hata siku moja. Wakaja kuungana na American Airlines 2013, mwisho orodha ya wote watatu ikatoka 2016. Mtu aliyekuwa na miaka 40 mwaka 2005 alikuwa na 51. Hiyo ndo kazi yake yote, imeishia kwenye kesi.

TWA nao, kampuni nyingine kongwe ya huku, dah. American waliwanunua 2001 wakiwa wamefilisika, zaidi ya nusu ya marubani wa TWA orodha yao ikapigwa stepla chini ya orodha ya American, ndo msemo wao kabisa huo, unachukua karatasi yao unaibana mkiani mwa yako. Waliobaki na nafasi walikingiwa na uzio wa St. Louis, mji wa jimbo la Missouri, yaani pale ndo viti vyao. Septemba 11 ikaja, watu wakaanza kusimamishwa kuanzia chini, na chini ni nani? Halafu 2003 American wakapunguza safari za St. Louis kwa kiasi kikubwa, sasa uzio unalinda shamba ambalo halilimwi tena. Maseneta wawili wa Missouri wakasukuma sheria ikapita mwishoni mwa 2007, McCaskill-Bond, kwamba orodha ziunganishwe kwa haki na mkishindwana mwende kwa msuluhishi. Dogo wako analindwa na hiyo, si haba, ila hiyo "haki" yenyewe ndo inayogombaniwa.

Haya yangu. Kwetu tulikuwa na ndege za njia moja tu katikati ya viti, zile nyembamba, wenzetu walikuwa nazo pia na za njia mbili za kwenda Ulaya. Orodha ilipotoka ilikuwa faili kwenye simu saa tisa usiku, niko hotelini, nimejitafuta nikirudi juu na chini kama mtu anatafuta jina kwenye matokeo ya fomu foo. Kwetu nilikuwa asilimia 60 hivi ukihesabu kutoka juu. Nikawa 78. Waliotupita wengi ni kwa sababu ya hizo ndege pana, msuluhishi aliziweka kundi la juu na sisi hatukuwa na hata moja. Ukapteni niliokuwa nautegemea baada ya miaka miwili ulikuja baada ya sita na miezi. Beisi ndogo iliyokuwa dakika 20 kutoka kwangu wakaifunga. Mke akawa anasema "si ulisema mmenunuliwa na matajiri?"

Sitakuwa mnafiki, hela ilipanda. Mkataba wa pamoja uliposainiwa mshahara wa saa ukapanda vizuri na bima ikawa bora. Ila miaka ile ya kwanza humo kwenye chumba cha rubani, aisee, unapangwa na mtu wa upande ule, masaa manne hamuongei zaidi ya cheklisti, kila mmoja anajua namba ya mwenzake na anajua angekuwa wapi bila mwenzake.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia na ningependa dogo akikague leo ni umri. Kustaafu huku ni miaka 65, tangu Desemba 2007, kabla ilikuwa 60. Kama kampuni yake ina wazee wengi, angepanda haraka bila hata kufanya kitu, wazee wanatoka tu. Akichanganywa na kampuni ya vijana, wale wazee wake wakistaafu nafasi zinagawanywa kwa wote, na mbele yake kuna watu wa miaka 38 ambao hawaendi popote. Asilimia kwenye karatasi inaweza kuwa ile ile na bado kapigwa. Mi nilipigwa hivyo pia, nimekuja kugundua nimeshachelewa.

Siyo zote zinaharibika. Delta na Northwest 2008 walielewana mkataba wa pamoja kabla ya kuungana, dili ikafungwa Oktoba, Desemba orodha iko mezani. Manung'uniko yalikuwepo ila watu wakaendelea na maisha. United na Continental waliungana 2010, orodha 2013. Kwa hiyo swali la kumuuliza dogo ni kama viongozi wa vyama vyao wanaongea na mkataba wa pamoja unakuja kabla au baada, msimuulize ndege mpya ina viti vingapi.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba aende tu Dubai. Sawa, hela ya kule nzuri, ila Falme za Kiarabu hakuna vyama vya wafanyakazi, hakuna wa kumgombania chochote, na akirudi Marekani anaanza mkiani. Kwa wazee wetu ilikuwa kinyume, East African Airways, ile kampuni ya pamoja ya Kenya, Tanzania na Uganda, ilivunjika 1977 kila nchi ikabaki na kampuni yake, watu walitenganishwa kwa pasipoti. Hao wangetupa stori, wamebaki wachache.

Kwa sasa asinunue nyumba kwa mshahara wa ukapteni ambao hajaupata, asikasirike akaacha kazi, na aende kwenye mikutano ya chama hata akiwa kachoka maana kamati inayotetea orodha yao inachaguliwa na wanaojitokeza. Mwambie anipigie akiwa na namba yake ya leo, tarehe aliyoajiriwa, na idadi ya watu walio mbele yake wenye zaidi ya miaka 58. Wiki hii yote nipo rizavu, nakaa tu nyumbani nasubiri kuitwa.