Kiingereza cha Uchaguzi na Farasi Wake

Maswali ya wasomaji kuhusu lugha

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Morogoro. Nimeamua kujinoa Kiingereza kwa kusoma habari za uchaguzi wa Marekani, lakini naona kila aya imejaa farasi: mara "dark horse", mara "neck and neck", mara "front-runner". Nikifungua kamusi nafasiri neno moja moja na kubaki na farasi mweusi na shingo mbili. Je, hii ni njia nzuri ya kujifunza au napoteza muda?

JIBU: Marahaba. Hupotezi muda hata kidogo. Habari za uchaguzi zina faida ambayo vitabu vingi vya mazoezi havina: kisa ni kimoja, wahusika ni walewale, na kwa miezi kadhaa mfululizo waandishi hulazimika kukisimulia kwa maneno yaleyale, kiasi kwamba neno lililokushinda Jumatatu huenda ukakutana nalo tena kabla ya Ijumaa likiwa katika sentensi nyingine. Kinachokukwamisha ni huko kufasiri neno moja moja.

Farasi hao wana asili yao. Waingereza ni watu wa mbio za farasi na kamari zake, na Wamarekani vivyo hivyo, na waandishi wa siasa walipohitaji lugha ya kueleza nani yuko mbele na nani ameachwa, waliikuta ile ya uwanjani imekwisha kuiva. "Front-runner" ni anayeongoza. "Neck and neck" ni wawili wanaokwenda sambamba hadi shingo za farasi wao zinalingana. "Dark horse" alikuwa farasi ambaye wacheza kamari hawakuwa na habari zake. Mfano unaotajwa sana ni James K. Polk, ambaye mkutano mkuu wa chama cha Democratic uliofanyika Baltimore mwaka 1844 ulimteua katika duru ya tisa ya kura, ilhali mwanzoni jina lake halikuwa hata miongoni mwa yaliyopigiwa kura, na mwisho wake akawa rais. Hata "running mate", ambaye sisi tunamwita mgombea mwenza, hapo zamani alikuwa farasi wa zizi moja na mwenzake, aliyeingizwa mbioni ili amwekee mwendo.

Si farasi peke yao. "To throw one's hat into the ring" umetoka kwenye ndondi, ambako mtu aliyetaka kupigana alitupa kofia yake ulingoni, na Theodore Roosevelt aliutumia mwaka 1912 alipotaka kurejea Ikulu ya Marekani. Ukiukuta msemo huo, kwenye daftari lako usiandike kofia wala ulingo. Andika "kutia nia", kwa maana watia nia tunao tele na unawafahamu vizuri kuliko mabondia.

Hapo ndipo ilipo njia ninayokushauri. Kwanza isome au uisikilize habari kwa Kiswahili, kwa mfano katika BBC Swahili au DW, ujue nani ameshinda, wapi na kwa kiasi gani. Kisha usome habari hiyohiyo kwa Kiingereza siku hiyohiyo. Maana utakuwa nayo tayari, na kazi itakayobaki ni kutazama Kiingereza kimeibeba vipi. Unapoandika, andika sentensi nzima, kwa sababu maneno haya yana jirani zake: Mwingereza husema "win by a landslide" au "a landslide victory", na hasemi "a landslide success". Kwa Kiswahili huo ni ushindi wa kishindo, ingawa "landslide" yenyewe ni maporomoko ya ardhi.

Chunguza pia neno linapimwa kwa nini. Mwaka 1984 Ronald Reagan alishinda majimbo 49 kati ya 50, na hakuna aliyebisha kuwa hiyo ni "landslide". Lakini mwezi Julai 2024 chama cha Labour cha Uingereza kilipata viti zaidi ya 400 katika bunge la viti 650 kwa takriban theluthi moja tu ya kura zilizopigwa, na magazeti yakatumia neno lilelile. Walikuwa wanahesabu viti, na msomaji asiyelijua hilo atadhani kwamba nusu ya Waingereza na zaidi waliipigia Labour.

SWALI: Mimi ni mtembeza watalii Unguja. Niliwaeleza wageni kwamba mwaka 2010 Wazanzibari waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa "opinion poll", nao wakatazamana. Nilikosea wapi?

JIBU: Ulichotaka kusema ni "referendum". Tarehe 31 Julai 2010 wapiga kura wa Zanzibar walikwenda vituoni, wakapiga kura ya ndiyo au hapana, na matokeo yakawa na nguvu ya kisheria. "Opinion poll" ni pale watafiti wanapowauliza watu wachache waliochaguliwa wangempigia nani, kisha wakakisia mawazo ya wengi. Wageni wako walishangaa nchi inawezaje kubadili muundo wa serikali yake kwa utafiti wa namna hiyo.

Sikulaumu, kwa maana Kiswahili chetu ndicho kilichokutega. Sisi tuna "kura ya maoni" moja inayofanya kazi tatu. Ni "referendum", kama ile yenu ya 2010 au ile ya Waingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Ni "opinion poll". Na kwa Tanzania ni pia kura ambazo wanachama wa chama hupiga kuwapata wagombea wao, ambazo Mmarekani huziita "primary" na Mkenya huziita kura za mchujo. Kwa hiyo kabla ya kuifasiri, jiulize nani anapiga na kura yake inaamua nini. Wananchi wote wakiamua jambo, ni "referendum". Wanachama wakimchagua mgombea, ni "primary". Watu wakihojiwa tu pasipo kuamua lolote, ni "opinion poll".

SWALI: Natangaza katika redio ya jamii huku Taita Taveta. Gazeti liliandika kwamba mwanasiasa fulani "contested the election". Mimi nikatangaza kuwa amekwenda mahakamani, kumbe aligombea tu. Niliponzwa na nini?

JIBU: Uliponzwa na kitenzi chenye sura mbili. "Contest a seat" ni kugombea kiti. "Contest the result" ni kuyapinga matokeo. Likifuatwa na neno "election" peke yake, maana zote mbili zinawezekana, na ni habari yenyewe itakayokuamulia: ikiwa kura bado hazijapigwa, mtu huyo anagombea. Kwa kesi, tafuta neno "petition", ambalo katika habari za uchaguzi wa Kenya ni kesi ya kupinga matokeo, kama ile iliyoifanya Mahakama ya Juu ibatilishe uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Tukiwa hapohapo, Mmarekani husema "run for office" na Mwingereza husema "stand for election". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na wote wawili wanagombea.

SWALI: Nina duka Bukoba. Kusoma Kiingereza naweza, ila nikisikiliza midahalo ya wagombea naachwa njiani. Nianzie wapi?

JIBU: Midahalo iache kwanza, kwa sababu watu wanakatizana na kutupiana vijembe ambavyo hata wenyeji wa lugha huwapita. Anza na utangazaji wa matokeo wa Uingereza. Usiku wa uchaguzi, msimamizi wa kila jimbo, anayeitwa "returning officer", hupanda jukwaani na wagombea wakiwa wamejipanga nyuma yake, akasoma tangazo ambalo maneno yake karibu hayabadiliki kutoka jimbo moja hadi jingine: anajitambulisha kwa wadhifa wake, anasema "hereby give notice", anataja jina la kila mgombea na kura zake, na mwisho anamtangaza mshindi kuwa "duly elected". Anasoma polepole, na majimbo ni 650. Ukisikiliza kumi mfululizo, la kumi na moja utalisoma pamoja naye.

Baada ya hapo nenda kwenye hotuba za walioshindwa. Ile ya John McCain mjini Phoenix, mwezi Novemba 2008, ina sentensi zilizonyooka na mapumziko marefu, maana kila mara ilimbidi awatulize wafuasi wake waliokuwa wakizomea. Kitenzi cha hotuba za aina hiyo ni "concede", yaani kukubali kushindwa, na ikiwa unafuatilia ligi ya Uingereza umekwisha kukisikia kila wikendi mtangazaji anaposema timu fulani "conceded a goal".