Likizo ya baridi ukiwa peke yako: tafuta mji ulio hai

Siku ya tatu ya likizo yangu ya kwanza ya majira ya baridi, nilitembea ufukwe mzima, mwanzo hadi mwisho, nisikutane na mtu. Asubuhi ile nilifurahi sana. Ndicho nilichokuwa nimekifuata katika kisiwa kile kidogo cha Mediterania: bahari, kitabu na kimya. Jioni nikatoka kutafuta chakula. Mgahawa wa kwanza viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza. Wa pili ulikuwa na karatasi mlangoni inayosema utafunguliwa Aprili. Wa tatu haukuwa hata na karatasi. Nikarudi chumbani nikala biskuti zilizobaki kutoka kwenye ndege, nimejifunga koti, kwa sababu hoteli ilikuwa ikizima hita saa tatu usiku. Siku ya tano nilikata tiketi nyingine nikaondoka. Bei ya tiketi ile ilikula akiba yote niliyodhani nimeiweka.

Tangu hapo nimesafiri peke yangu majira ya baridi mara kadhaa, na watu huniuliza: niende wapi palipo patulivu, na pasiponimaliza mfukoni? Ninachowaambia kwanza ni hiki: usitafute mahali patupu. Tafuta mji ambao wenyeji wake wanaishi humo mwaka mzima, ambao wageni wakishaondoka bado una watoto wanaokwenda shule na mwoka mikate anayewasha tanuri alfajiri.

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Sehemu nyingi za pwani ya kusini mwa Ulaya zimejengwa kwa ajili ya kiangazi. Kwenye visiwa vidogo vya Ugiriki, na kisiwa cha Menorca huko Hispania pia, kuanzia Novemba hoteli nyingi hufungwa hadi Aprili au hata Mei, na safari za meli au za ndege hupungua. Vyumba vichache vinavyobaki wazi huuzwa kwa bei ya kutupa, na hapo ndipo msafiri wa peke yake hunaswa. Mkiwa wawili mnaweza kuuvumilia mji uliolala, kwa kuwa mna mazungumzo yenu. Ukiwa peke yako unahitaji kusikia watu wakiishi karibu nawe, hata kama hutasema nao neno.

Kuutambua mji ulio hai si kazi ngumu. Fungua ramani utazame kama una shule ya sekondari, soko, hospitali na kituo kikubwa cha mabasi. Kisha soma maoni ya wageni, lakini yale tu yaliyoandikwa Januari na Februari. Maoni ya Julai hayakusaidii kitu. Yule wa Julai anasifu upepo mwanana wa dirishani; wa Januari atakwambia dirisha halifungi vizuri.

Mahali paliponifundisha haya kwa upande mzuri ni Gozo, kisiwa kidogo cha nchi ya Malta. Ndege hutua kisiwa kikuu, Malta, kisha unapanda kivuko kutoka Ċirkewwa hadi bandari ya Mġarr, mwendo wa dakika 25 hivi. Nilifika wiki ya pili ya Januari. Mji mkuu wake unaitwa Victoria, ingawa wenyeji wengi bado huuita Rabat, na karibu mabasi yote ya kisiwa hukutana hapo. Hilo peke yake liliniokolea gharama ya kukodi gari. Asubuhi uwanja wa katikati ya mji ulikuwa na wazee wanaosoma gazeti na kina mama wenye mifuko ya sokoni. Juu yao ngome ya Ċittadella, karibu tupu, na kutoka kwenye kuta zake unakiona kisiwa chote. Nilikwenda kijiji cha Xagħra kwenye mahekalu ya Ġgantija, yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi za Misri, na nikakaa hapo nusu saa bila kusukumwa na mtu.

Siku niliyoipenda kuliko zote nilikwenda kwa miguu hadi mabwawa ya chumvi ya Xwejni, kaskazini mwa kisiwa. Ni vishimo vya mraba vilivyochongwa kwenye mwamba laini, mamia kwa mamia, hadi ukingoni mwa maji. Chumvi huvunwa kiangazi. Januari vishimo vimejaa mvua na maji ya mawimbi, kila kimoja kimeshika kipande chake cha mbingu, na upepo ukipita vyote hutetemeka pamoja. Nilikuwa nimesoma kwamba majira ya baridi hakuna cha kuona pale.

Sasa nizungumzie baridi ya ndani ya nyumba, kwa sababu watu huipuuza nayo ndiyo huharibu likizo. Mchana wa Januari Gozo huwa na nyuzi 15 au 16 hivi, usiku hushuka hadi 9 au 10. Ukisoma tarakimu hizo unaona ni hali ya kuvaa sweta tu. Lakini nyumba za huko ni za mawe ya chokaa, kuta nene, sakafu ya vigae, zimejengwa kupambana na joto. Baridi ikishaingia ndani haitoki. Shuka unazikuta na unyevu, taulo uliyoitumia asubuhi bado mbichi jioni, na ukikanyaga sakafu alfajiri unahisi hadi magotini. Ni hivyohivyo kusini mwa Ureno na sehemu nyingi za Hispania. Nchi za kaskazini zenye theluji nje mara nyingi zina nyumba zenye joto zaidi kuliko hizi za jua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mimi humwandikia mwenye nyumba maswali matatu. Chumba cha kulala chenyewe kina hita, au iko sebuleni tu? Umeme umo kwenye bei, au unahesabiwa kwa mita mwishoni? Na Jumatatu ya Januari, ni duka na mgahawa gani vinafunguliwa ambavyo naweza kuvifikia kwa miguu? Anayekujibu kwa majina na saa, mwamini. Anayekujibu kwamba kila kitu ni kizuri sana, endelea kutafuta.

Upande wa fedha, msafiri wa peke yake ana mzigo wake. Bei nyingi za likizo huandikwa kwa kila mtu mmoja, zikichukulia kwamba mko wawili chumbani. Ukiwa mmoja unaongezewa, wakati mwingine hadi karibu bei ya watu wawili. Anza kutafuta kwa kuweka idadi ya mtu mmoja tangu mwanzo, usijidanganye na bei ya tangazo. Nyumba ndogo za wageni, hasa zile ambazo mwenyewe anaishi humohumo, mara nyingi zina chumba cha kitanda kimoja kisichoonekana kwenye matangazo makubwa. Ukiweza kukaa wiki tatu au nne, omba bei ya mwezi. Majira ya baridi wenye nyumba wengi huona afadhali mgeni mmoja wa muda mrefu kuliko nyumba iliyofungwa inayoota ukungu. Na hesabu ya teksi usiisahau. Ndege ya saa tano usiku ni rahisi, lakini basi limekwisha, na teksi ambayo wawili wangegawana unailipa wewe mzima. Mimi huchagua ndege inayofika mchana hata ikizidi bei kidogo.

Wiki unayokwenda ina uzito kuliko nchi unayokwenda. Bei hushuka mara mbili: mwanzoni mwa Desemba hadi karibu katikati ya mwezi, na tena baada ya tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, ambayo Hispania ni sikukuu ya taifa na watu bado wako likizo. Februari huja likizo za shule na kanivali. Wiki ya pili na ya tatu ya Januari ndizo zangu, na sijazijutia.

Angalia pia mwanga. Gozo katikati ya Januari jua huchomoza saa moja asubuhi na kidogo, likazama saa kumi na moja jioni na kidogo. Una saa kumi za kutembea. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, mwishoni mwa Desemba hupata mwanga wa jua kwa muda wa saa nne hivi tu. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ni pazuri kwa anayefuata mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku, lakini kama unakwenda kupumzika peke yako na moyo umechoka, giza hilo lifikirie mara mbili.

Kwa wasiotaka kisiwa kidogo hivyo: Tavira, mashariki mwa Algarve, mkoa wa kusini mwa Ureno, ina mto katikati ya mji na treni kutoka Faro, ila ujiandae kwa mvua. Chania huko Crete, kisiwa kikubwa cha Ugiriki, ni mji unaoendelea na maisha yake wakati visiwa vidogo vimelala. Madeira, kisiwa cha Ureno, ni nzuri mno, lakini epuka mwaka mpya, kwa sababu fataki za Funchal, mji wake mkuu, hujaza hoteli. Visiwa vya Kanari vya Hispania vina joto la hakika, na kwa sababu hiyohiyo msimu wao wa wageni wengi ni huohuo wa baridi.

Upweke utakuja. Kwangu huja jioni ya tatu au ya nne, giza likiingia mapema. Nilichojifunza ni kurudi mahali pamoja kila asubuhi, saa ileile, mkahawa uleule. Siku ya kwanza wewe ni mgeni. Siku ya nne yule wa kaunta anaanza kutengeneza kahawa kabla hujaagiza, na siku yako nzima hubadilika. Mpe pia mtu wako mmoja wa karibu anwani ya unapolala, na mkubaliane siku za kupigiana simu, hasa kama utatembea njia za majabali.

Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, ambayo ndiyo inayotumika Malta, Ureno, Hispania na Ugiriki, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Usikate tiketi isiyorudishwa kabla ya kupata viza.

Jambo la mwisho ni la visiwa. Upepo mkali wa majira ya baridi huweza kusimamisha kivuko kwa saa nyingi, kwa hiyo usiku wa mwisho wa Gozo nilivuka nikalala kisiwa kikuu cha Malta, jirani na kituo cha basi la uwanja wa ndege. Asubuhi nilifungua dirisha, bahari ilikuwa nyeupe kwa povu. Nikanywa chai yangu taratibu, nikabeba begi langu.