Nyumba ya dola 1,000 Detroit, ni dili au kanyaboya?

SWALI: Kaka mhariri shikamoo. Niko Ohio huku Marekani, binamu yangu kanitumia tangazo la nyumba ya matofali Detroit, mnada unaanzia dola 1,000, yani bei ya simu! Huo mji si ndo ulikuwa wa magari, watu wote wameenda wapi? Na je nichangamke?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tangazo linaweza kuwa la kweli kabisa, kuna taasisi ya umma inaitwa Detroit Land Bank inauza nyumba zilizoachwa na mnada wake unaanziaga hapohapo. Ila hela usitume kwanza.

Watu wengi wala hawakwenda mbali. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu karibu milioni 1.85, sensa ya 2020 ikakuta 639,000 hivi. Utasikia oo ni vurugu za Weusi na polisi za 1967, oo Wajapani na magari yao, sawa vilichangia, lakini angalia tarehe bwana: kati ya 1947 na 1963 zilishapotea ajira za viwandani kama 134,000, kampuni ya magari ya Packard wenyewe walifunga kiwanda chao cha Detroit 1956. Kampuni zilitaka viwanda vipana visivyo na ghorofa, maeneo yakawa nje ya jiji, serikali ikashusha barabara kuu, Wazungu wakapata mikopo ya nyumba huko na Weusi wakanyimwa (hili watu hawapendi kulisema). Kazi zikahama na kodi zikahama, mabomba na taa za mji wa watu karibu milioni 2 zikabaki mzigo wa waliobaki, mpaka Julai 2013 jiji likatangaza kufilisika na madeni kama dola bilioni 18.

Sasa hiyo nyumba. Kachungulie ukuta wa bafuni, ukikuta tundu ujue bomba la shaba lilishang'olewa likauzwa skrepa, na nyaya zimefuata. Land Bank wanakupa kama miezi 6 uwe umekarabati, ukizembea wanaweza kuichukua. Kodi ya nyumba nayo ulizia mapema.

Mtaa pia una maana. Hamtramck, kamji kaliko katikati ya Detroit, Wayemeni na Wabangladeshi wamekajaza, watu wakaongezeka toka 22,000 mwaka 2010 hadi 28,000 mwaka 2020. Na 2023 Detroit yenyewe iliongezeka watu, mara ya kwanza tangu 1957, kwa hiyo sikukatazi. Nenda na fundi bomba, tena nenda Januari baridi ikiwa kali, sio Julai.