Tabora Boys: si watoto wa machifu peke yao

Ndugu, umeuliza kama shule ya Tabora Boys ilikuwa ya watoto wa machifu tu. Mwanzoni, ndiyo. Waingereza waliifungua 1922 ili kuwaandaa wana wa watawala wa jadi, wakafuata mtindo wa shule za bweni za kwao: viranja, mabweni, nidhamu kali. Lakini mlango ulipanuka. Nyerere, aliyeingia 1937, alikuwa kweli mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki; Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa zamani, aliyepita pale baadaye, hakuwa. Na tafadhali tusichanganye: Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys, ila alifundisha shule ya St. Mary's, mjini humo humo, baada ya Makerere. Majengo yale ya kale yatunzwe, jamani, bado vijana wanasomea humo!